Maswali Yenu: George Lilanga, mchongaji aliyeshika brashi

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja: George Lilanga, yule wa vijitu vyenye masikio makubwa na matumbo yaliyoning'inia. Wengine mnauliza maisha yake, wengine mmeshika patasi au brashi na mnataka kufanya kazi za namna ile, na yuko aliyerithi picha iliyopinda kabatini.

Mwalimu wetu wa sanaa ametupa kazi ya kuandika juu ya Lilanga. Kitabu kimoja kinamwita mchoraji, kingine mchongaji. Niandike lipi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Masasi*

Mdogo wetu, andika yote mawili, ila uanze na mchongaji. Ukianza na uchoraji hutaelewa kwa nini picha zake ziko vile zilivyo.

Alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, huko huko kwenu Masasi, katika jamii ya Wamakonde. Alianza kuchonga kwa mzizi wa muhogo, akaja miti laini, mwisho akashika mpingo. Ni mpangilio wenye akili. Muhogo unakatika kwa kisu cha jikoni na ukiharibika hujapoteza kitu. Mpingo ukiharibika umepoteza mti uliochukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuchongeka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa tayari msanii wa Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Lilanga aliingia pale kwa kazi ya ulinzi. Haikuchukua muda vinyago vyake vikaonekana, naye akahamishiwa upande wa wasanii. Hapo ndipo alipokutana na vifaa ambavyo mchongaji wa kijijini hakuwa navyo: batiki, ngozi ya mbuzi ya kuchorea, bamba za chuma za kukata mageti na vizuizi vya ngazi, picha za kuchapa kwa bamba, na baadaye rangi za mafuta juu ya hadibodi na turubai. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, Marekani, na tangu hapo jina lake likavuka mipaka. Ziliingia katika mkusanyiko wa Jean Pigozzi, mkusanyaji wa sanaa ya Afrika, na katika maonesho makubwa ya Africa Remix yaliyofunguliwa Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 2004. Miaka yake ya mwisho kisukari kilimsumbua hata akakatwa mguu. Kuchonga kunataka mtu akae imara, ashike gogo kwa miguu na apige tezo kwa nguvu, kwa hiyo brashi ndiyo iliyobaki karibu, na wasaidizi wakawa wengi zaidi. Alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005.

Sasa chukua picha yake moja uitazame kwa karibu kabla hujaandika. Kijitu cha kushoto kimeshika sikio la mwenzake, mguu wa huyo mwenzake umeingia kwenye nafasi iliyoachwa na tumbo la wa tatu, na kichwa cha wa nne kimejibana chini ya kwapa. Hakuna upeo wa macho, hakuna kivuli, hakuna aliye mbali na aliye karibu. Hayo ni mawazo ya mtu aliyezoea gogo moja. Mchongaji haongezi mti. Anachoweza ni kupanga watu wote ndani ya kipande alichonacho, wakishikana ili wasivunjike. Hata vile vidole viwili au vitatu vinene tunaviona ni vya mchongaji, kwa kuwa vidole vitano vyembamba vilivyokatwa kukingama na nyuzi za mti hudondoka kwa pigo moja. Liandike hilo kwa maneno yako, na mwalimu ataona kwamba umeitazama kazi yenyewe.

Wanafunzi wangu wanaita kila kinyago cha Kimakonde "ujamaa". Naomba tofauti ya mitindo, na Lilanga awekwe wapi?
*Mwalimu, Songea*

Mwalimu, mitindo inayotajwa zaidi ni mitatu. Ujamaa, ambao wachongaji wenyewe waliuita dimoongo, ni nguzo ya watu waliopandana na kushikana kuzunguka gogo; anayetajwa kuuanzisha ni Roberto Yakobo Sangwani. Shetani ni viumbe wa ajabu wenye viungo vilivyopinda, jicho moja, sikio lililogeuka pembe; huo unahusishwa na Samaki Likankoa, miaka ya 1950. Mawingu ni umbo laini lenye matundu na mikunjo, ambalo halimwoneshi mtu wala mnyama waziwazi, na jina la Clement Ngala ndilo linalokwenda nalo.

Lilanga ametoka kwenye shetani. Lakini mashetani wake wameshuka mjini: wanakunywa, wanapanga foleni, wanagombana, wanabeba mizigo, wamevaa nguo za madoadoa. Wanatisha kidogo na kuchekesha sana. Darasani waoneshe wanafunzi kinyago cha shetani cha mpingo kando ya picha ya Lilanga, uwaambie watafute viungo vinavyofanana. Masikio watayaona mara moja, midomo itafuata.

Nachonga vijitu vya rangi kwa mti wa mwembe. Baada ya miezi miwili vinapasuka kuanzia kifuani, na rangi inabanduka kama ganda la yai. Nakosea wapi?
*Fundi, Mtwara*

Fundi, matatizo yako mawili yana mzizi mmoja: unachonga na kupaka mti ambao bado una maji.

Mti unapokauka, nje hutangulia na ndani hufuata. Nje inataka kusinyaa, ndani bado imejaa, basi nje inachanika. Tena mti husinyaa kuzunguka pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini. Ndiyo maana gogo zima la mviringo lenye kiini katikati ni lazima lipasuke mahali fulani, hata ulibembeleze vipi. Dawa ya kwanza ni kulipasua gogo kupitia kiini siku ile ile linapokatwa, ukitupe kiini, uchonge kwenye nusu. Kama umbo lako linataka gogo zima, toboa kutokea chini tundu la sentimita 2 au 3 lipande katikati hadi karibu na shingo. Tundu hilo linaipa ndani njia ya kukaukia, na umbo likisimamishwa mezani tundu halionekani.

Pili, ziba ncha za gogo siku hiyo hiyo. Maji hutoka kwenye ncha kwa kasi kubwa kuliko ubavuni, na nyufa nyingi huanzia hapo. Nta ya mshumaa inatosha. Iyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, usiiweke juu ya moto wenyewe maana inashika moto. Paka hadi sentimita 5 kutoka kwenye ncha. Rangi nzito ya mafuta iliyobaki dukani nayo inafaa.

Tatu, chonga mara mbili. Kwa tezo toa umbo la jumla ukiacha nyama ya ziada ya sentimita 2 kila upande, halafu liache. Lifunge kwa magazeti, liweke kwenye gunia, mahali pa kivuli penye hewa, mbali na bati la paa. Badilisha magazeti kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kwa sababu yakilowa huleta ukungu, na mwembe unashika ukungu wa kibluu upesi kuliko miti mingi. Kila Jumamosi pima uzito kwa mizani ya jikoni na uandike kwa chaki kwenye gunia. Uzito ukikaa pale pale wiki tatu mfululizo, mti umefikia hali ya hewa ya hapo ulipo. Umbo lenye unene wa mkono wa mtu linaweza kuchukua miezi miwili au mitatu; lenye unene wa paja hufika nusu mwaka na zaidi. Wateja wako wana haraka, tunajua. Basi uwe na zamu: yanayokauka yawe mengi kuliko yanayochongwa.

Mwembe unapendwa pia na wadudu watoboaji. Ukiona unga mwepesi chini ya kinyago, wameshaingia. Kabla ya kupaka, changanya asidi ya boriki gramu 20 na boraksi gramu 30 katika lita 1 ya maji ya moto, vaa glavu, paka mara mbili kwa brashi hadi mti usinywe tena, kisha uache ukauke upya kwa wiki mbili. Dawa hii haifanyi kazi juu ya rangi, lazima ikute mti mtupu.

Tukija kwenye rangi: kwanza tuambie kama unapaka kiwi (dawa ya viatu) au nta kabla. Mafundi wengi waliotoka kwenye mpingo wana mazoea hayo, na ndiyo yanayobandua rangi, kwa kuwa rangi haishiki juu ya nta. Piga msasa namba 120 kisha 180, futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, uwe mwepesi: sehemu 4 za rangi ya mafuta kwa 1 ya tapentaini, ili inywewe na mti na kushika kama mizizi. Acha siku nzima. Halafu praima nyeupe, msasa mwepesi, na mikono miwili myembamba ya rangi yenyewe, kila mmoja ukisubiri mwingine kwa saa 24. Wakati wa masika ongeza siku, na usipake asubuhi kabla unyevu haujaondoka. Usipake kamwe rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta.

Vile vilivyokwisha kupasuka usivijaze puti. Mti utaendelea kucheza, na puti itadondoka. Subiri ufa utulie, chonga kabari nyembamba ya mwembe huo huo ulio mkavu, itie kwa gundi ya mbao, nyuzi zikielekea upande mmoja na za kinyago, kisha usawazishe kwa tupa.

Nataka kujaribu picha ya hadibodi ya mtindo ule. Ninunue nini na nianzie wapi? Mara ya kwanza rangi ilijikunja kama ngozi ya maziwa.
*Msomaji, Zanzibar*

Hadibodi ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, yaani kama sentimita 61 kila upande. Kata bodi mwenyewe au mpe fundi seremala, lakini kata ukitokea upande laini ili kingo zisichanike.

Kipande kimoja kina eneo la karibu mita za mraba 0.37. Rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kopo inayopakwa mageti na baiskeli, lita 1 hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Kwa hiyo usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha yako, unataka mililita 35 hivi, ambazo ni vijiko vya mezani viwili na nusu. Ukimimina zaidi ya hapo ndipo ngozi ya maziwa inapokuja: juu inakauka na kufunga, chini bado majimaji, na yanapokauka baadaye yanaivuta ile ngozi ijikunje. Kosa jingine linaloleta mikunjo ni thina ya rangi za magari. Ni kali mno, inailegeza rangi ya chini. Tumia tapentaini, na isizidi sehemu 1 kwa 10.

Upande laini ufute kwa msasa namba 220, kidogo tu, uondoe mng'ao. Paka praima mbele, na upake nyuma pia japo mkono mmoja. Watu huruka nyuma kwa kubana matumizi, na bodi inapinda: upande usiopakwa hunywa unyevu na kutanuka, uliopakwa hautanuki. Ukiweza, pigilia fremu nyembamba ya mbao nyuma kwa gundi kabla hujaanza. Kwa hewa ya Zanzibar usiache.

Kisha usuli wa rangi moja, saa 24. Chora kwa chaki, maana chaki hufutika kwa kitambaa kikavu na penseli hubaki ikionekana chini ya rangi nyepesi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Usichore mtu mmoja ukamaliza, ukahamia kwa mwingine. Weka vichwa vyote kwanza, kisha matumbo, kisha fuata kila mkono uone utashika nini. Penye pengo lililobaki wazi ingiza mguu au sikio. Ukimaliza, geuza bodi kichwa chini uitazame, mapengo yatajionesha.

Jaza miili kwa rangi moja moja, ukipanga usiweke mbili mbichi zikigusana. Siku inayofuata tia mistari ya ukingo kwa brashi nyembamba, mkono ukiegemea fimbo ili usiguse picha. Madoa ya usuli na ya nguo yaje mwisho, kwa ncha ya njiti au mpini wa brashi, ukichovya upya kila madoa matatu ili yalingane ukubwa. Doa likichuruzika, rangi yako ni nyepesi mno. Likiacha mkia, ni nzito.

Marehemu mume wangu alinunua picha ya Lilanga Dar es Salaam mwaka 1989. Imekaa kabatini hapa Muscat miaka mingi. Sasa nyeupe imekuwa manjano, bodi imepinda, na wanangu wananiuliza kama ni ya kweli.
*Mama, Muscat*

Pole, mama, kwa msiba wa siku nyingi. Tuanze na manjano, kwani ndilo jepesi. Rangi za mafuta zikifungiwa gizani hugeuka manjano, na sehemu ya manjano hayo huondoka yenyewe zikirudi kwenye mwanga. Itundike chumba chenye mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja, wiki kadhaa, ndipo uamue kama ina tatizo. Usiisugue kwa sabuni wala limau wala tapentaini. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu, kutoka juu kwenda chini.

Kuhusu kupinda, msiinyooshe kwa kuikandamiza chini ya magodoro. Rangi ya zamani ni ngumu, itakatika mistari mistari. Itundike mbali na upepo wa kiyoyozi, maana kiyoyozi hukausha upande mmoja. Kama imepinda chini ya sentimita 1, iacheni ilivyo. Ikizidi, apewe fundi wa kuhifadhi picha aifungie fremu nyuma taratibu.

Swali la wanao linataka subira. Sahihi peke yake si ushahidi. Sahihi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kuiga. Geuzeni picha. Bodi iliyokaa tangu mwaka 1989 huwa imeiva rangi ya kahawa yenye vumbi lililoingia kwenye nyuzi, na misumari yake ina kutu iliyopaka bodi. Ikinuka rangi mbichi, hiyo si ya miaka hiyo. Soma maandishi ya nyuma kama yapo: kazi zake nyingi zilipewa majina ya Kiswahili, mengine marefu kama sentensi nzima. Tafuteni risiti, bahasha, picha ya familia ambayo ile kazi inaonekana ukutani; picha moja ya albamu yenye tarehe inasaidia kuliko maneno ya dalali.

Jueni pia kwamba kati ya "ya kweli" na "bandia" yako mambo mengine. Lilanga alifanya kazi na wasaidizi, hasa miaka ya mwisho, na wajukuu zake wameendelea na mtindo huo kwa majina yao wenyewe. Kazi iliyotoka kwenye karakana yake si ya kughushi, ila bei yake si sawa na ile ya mkono wake mtupu. Yenye tarehe ya baada ya Juni 2005 na sahihi yake, hiyo haiwezi kuwa yake. Ya kwenu, ikiwa kweli ilinunuliwa mwaka huo, iko upande mzuri. Pigeni picha mbele, nyuma, sahihi na kila pembe, kabla hamjamwonesha mnunuzi yeyote.

Lilanga alikuwa mwanafunzi wa Tingatinga?
*Msomaji, Mombasa*

Hapana. Wote wawili walitoka kusini mwa Tanzania na wote walitumia rangi ya kopo juu ya hadibodi, ndiyo maana wanachanganywa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972, kipindi ambacho Lilanga alikuwa ndiyo kwanza anaingia mjini na patasi yake. Shule ya Tingatinga ilikulia Oysterbay, mtaa wa Dar es Salaam, ya Lilanga Nyumba ya Sanaa. Ukitaka kuzitenganisha kwa jicho, tazama ukingo wa picha. Chui wa Tingatinga mara nyingi amesimama peke yake, amezungukwa na nafasi. Vijitu vya Lilanga vimejazana hadi kwenye fremu.

Nina kinyago cha mpingo cha kilo 4, nataka kumpelekea shangazi Canada. Nasikia mpingo umezuiwa.
*Msomaji, Arusha*

Haujazuiwa, unasimamiwa. Mpingo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, pamoja na karibu jamii yake yote. Vitu vilivyokwisha kutengenezwa visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja havihitaji kibali cha mkataba huo, kwa hiyo kilo 4 zako zinapita. Hata hivyo uliza ofisi ya misitu ya mkoa kuhusu taratibu za hapa nyumbani, na ukae na risiti ya ulikonunua.

Kabla hujafunga, hakikisha kwamba ni mpingo. Kwaruza kidogo chini ya kitako kwa ncha ya kisu. Mpingo ni mweusi wa zambarau hadi ndani, ila ule ukanda wa nje ambao ni wa maziwa. Mti uliopakwa kiwi utakuonesha rangi ya mkate chini ya ngozi. Kipande chake kikitupwa majini kinazama. Na kikifika Canada, mwambie shangazi asikiweke juu ya kipasha joto cha nyumba majira ya baridi. Kikae wiki tatu kwenye boksi lake, limefunguliwa kidogo tu, kizoee ile hewa kavu.